Mwanafunzi wa muziki akienda fildi hospitalini Dar: hatua kwa hatua

Kila mwaka likizo ndefu ikikaribia, wanafunzi wa muziki hunitafuta wakitaka mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na wengi huwaza studio, redio au bendi ya hoteli. Mwaka huu nimemsaidia binti wa mwaka wa pili kupata nafasi wodini. Maswali aliyoniuliza njia nzima ndiyo yamenifanya niandike haya. Kumpigia mgonjwa muziki ni kazi kamili, na hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo mwanamuziki kijana hujifunza kusikiliza haraka hivyo.

Jambo moja kwanza. Tiba kwa muziki ni taaluma inayosomewa, ina vipimo na malengo yake ya kitabibu. Wewe unakwenda kupiga muziki na kuimba na watu walio wagonjwa. Usiwaambie kamwe kwamba umekuja kuwatibu.

Hatua ya 1: Chagua wodi kabla ya hospitali

Jina kubwa la hospitali lisikuvute. Tafuta mahali wagonjwa wanapokaa muda mrefu: wodi za mifupa kama za MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ambako vijana wa ajali za bodaboda hulala wiki nyingi, wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, watoto, mazoezi ya viungo. Wodi ya kifua kikuu na chumba cha wagonjwa mahututi si za mwanafunzi anayeanza.

Hatua ya 2: Barua

Barua ya utambulisho unaijua, chuo kitakuandikia. Katika hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, inakwenda kwa Mganga Mfawidhi. Muhimbili inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji.

Inakokwama ni baada ya kupokelewa. Ofisi za mafunzo zimezoea wanafunzi wa uuguzi, famasi na maabara, kwa hiyo karani akisoma "muziki" hajui ampelekee nani. Kijana mmoja niliyemsimamia barua yake ilizungushwa ofisi hadi ofisi mpaka likizo ikafika katikati. Dawa yake ni kuonana na watu wawili kabla barua haijaandikwa: afisa ustawi wa jamii wa hospitali na muuguzi kiongozi wa wodi unayoitaka. Waeleze kwa mdomo, waulize saa gani wodi hutulia, kisha chuo kiitaje wodi hiyo ndani ya barua. Ambatanisha ukurasa mmoja tu unaoeleza utafanya nini, siku gani, saa ngapi, na nani atakusimamia. Peleka nakala mbili za karatasi, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua pepe peke yake siiamini hata kidogo.

Hatua ya 3: Chanjo na mikono

Chanjo ya homa ya ini B hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anza sasa hivi, usingoje barua ijibiwe. Mikono unasafisha kabla na baada ya kila mgonjwa: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono, 40 hadi 60 kwa sabuni na maji.

Hatua ya 4: Chombo

Ngoma ya ngozi ibaki nyumbani. Ngozi inanyonya, haisafishiki, na ukiifuta kwa spiriti kila mara itakauka na kupasuka. Kayamba la matete nalo lina mianya isiyofikika kwa kitambaa. Filimbi na vyombo vyote vya kupuliza, hapana. Badala ya kayamba chukua chupa ndogo ya plastiki, tia choroko kavu, ziba kifuniko kwa gundi. Inafutika, na watoto wanaipenda.

Mimi napendelea gitaa la nyuzi za nailoni kuliko vyote. Nyuzi za chuma ni kali mno kwa chumba chenye vitanda vingi. Chaguo la pili ni marimba ya mkononi, yale ya vyuma, kwa sababu unaweza kumwekea mgonjwa mapajani naye akapiga. Vyuma futa kwa spiriti ya asilimia 70. Usitumie maji ya klorini ya wodini, yanakula chuma. Spiriti nayo usiipake kwenye vanishi ya gitaa, itaibabua; gitaa shika peke yako, mgonjwa asilishike. Spika acha kabisa.

Hatua ya 5: Ruhusa na nyimbo

Hapa ndipo wanafunzi hupoteza saa nyingi, maana huja na orodha waliyoifanyia mazoezi chuoni. Iweke pembeni, wimbo utatoka kwa mgonjwa. Mwaka 2008 watafiti wa Helsinki, Finland, wakiongozwa na Teppo Särkämö, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kiharusi. Waliosikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki walioupenda wenyewe walirudiwa na kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikiliza vitabu vya kusomewa, na kuliko wale ambao hawakupewa chochote cha kusikiliza. Ule ulikuwa muziki wa kurekodiwa, nasi tunaimba ana kwa ana, lakini somo la uchaguzi ni letu pia.

Anza na muuguzi wa zamu: nani amelala, nani ametoka kupewa habari nzito, nani asisogelewe leo. Neno lake ndilo la mwisho. Kisha mgonjwa mwenyewe. Watu wetu wakiombwa jambo kwa adabu hukubali hata wakiwa na maumivu, wasije wakaonekana wana kiburi, kwa hiyo uliza swali lenye njia mbili zenye heshima sawa: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa muziki. Nikuimbie kidogo, au nikuache upumzike nije siku nyingine?" Tazama uso na mikono kabla ya kugusa chombo. Akikwambia pita, shukuru na uende bila kununa. Mtu anayechomwa sindano na kugeuzwa kitandani siku nzima anahitaji walau kitu kimoja anachoweza kukikataa.

Akikubali, muulize wimbo gani ulikuwa ukiimbwa kwao. Usikisie dini kwa jina wala kwa ushungi. Huyu akitaka kaswida na jirani yake akitaka kwaya, vuta kiti, imba kwa sauti ya mazungumzo, imfikie mmoja tu. Kuna nyimbo za kwaya ambazo Dar nzima inazijua kutoka misibani, usizianzishe wewe. Mgonjwa akiomba mmojawapo mwenyewe, mwimbie, ila kwanza angalia nani yuko kitanda cha pili. Taarabu ina hatari yake: wodi ya akina mama beti la mafumbo likitoka, lazima atakuwepo atakayeona amepigwa kijembe. Chagua za mapenzi na za bahari. Vijana wataomba singeli. Usiwakatalie, chukua kiitikio, kipunguze kasi hadi kiimbike, na wao watakusahihisha maneno. Mzee akitaka wimbo wa Kizaramo au Kihaya nawe huujui, mwombe ndugu aliyekuja kumwona auanzishe, wewe fuata kwa gitaa na kuguna.

Kasi nayo ina utaratibu. Mgonjwa mwenye wasiwasi ukimwanzia wimbo mzito wa taratibu, hamkutani. Anza karibu na pumzi yake ilipo, kisha shusha kidogo kidogo mpaka wimbo ufike mapigo 60 hadi 80 kwa dakika.

Kwa watoto njiti, mwachie mama. Joanne Loewy na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watoto 272 katika hospitali 11 za Marekani, ambako wazazi walichagua wimbo wa kwao ukageuzwa kuwa bembelezo, na mapigo ya moyo ya watoto yakatulia. Kazi yako ni kumsaidia mama apate sauti ya chini, basi. Madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza kelele katika vyumba vya watoto njiti isizidi desibeli 45, na gitaa likipigwa kawaida hupita hapo.

Nyimbo mbili tatu kwa kitanda zinatosha.

Hatua ya 6: Simu na daftari

Hakuna picha, hakuna video, hata mgonjwa akikubali. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Katika daftari la fildi usiandike majina wala namba za vitanda. Andika wimbo ulioombwa, ulichobadilisha, na ulichokiona.

Hatua ya 7: Kuondoka

Wagonjwa wa muda mrefu waambie wiki moja kabla. Ripoti ikikamilika, muuguzi kiongozi aisome kabla ya chuo, na umwachie nakala yenye saa zilizofaa na nyimbo zilizoombwa sana, ili mwanafunzi wa mwakani aanzie hapo. Chupa za choroko unaweza kuziacha kwa watoto, ila ulizia kwanza nani atakuwa akizifuta.