Namna ya Kumzoesha Mzee Roboti ya Kijamii

Jijini Nairobi wapo wazazi wengi wazee wanaoshinda peke yao nyumbani, watoto wakiwa kazini na wajukuu shuleni, na baadhi ya familia sasa zinafikiria kuwanunulia roboti ya kijamii, yaani mashine iliyoundwa kuzungumza na mtu au kuitikia mguso na sauti yake. Kabla ya kutoa fedha, mwulizeni mzee mwenyewe. Akikataa, shauri liishie hapo.

Akikubali, chagueni umbo kwa makini. Takanori Shibata, mhandisi Mjapani aliyebuni roboti ya kijamii iitwayo Paro, alijaribu kwanza umbo la paka, lakini watu walililinganisha na paka wanaowajua na kuliona pungufu. Ndipo akachagua mtoto wa sili, mnyama wa baharini ambaye wengi hawajawahi kumgusa. Paro ina uzito wa takriban kilo 2.7, haisemi lugha yoyote, na vihisi vilivyo chini ya manyoya yake huiwezesha kugeuza kichwa na kutoa sauti inapopapaswa. Ni ghali sana, lakini kwa mzee anayechanganya Kikamba na Kiswahili katika sentensi moja, naona mashine ya namna hii inafaa kuliko ile inayotegemea kuelewa maneno. Mkitaka inayozungumza, ijaribuni sebuleni mwenu, redio ikiwa imewashwa na honi za matatu zikisikika, tena kwa sauti ya mzee, si ya muuzaji.

Siku ya kwanza msimpakatishe mzee roboti ghafla. Iwekeni mezani, mahali anapoiona vizuri, mwacheni aisogelee apendavyo, na mmoja wenu aketi kando yake, kwa kuwa faida kubwa hupatikana pale roboti inapowapa watu jambo la kuzungumza wao kwa wao. Akichoka, izimeni.

Mwambieni ukweli tangu mwanzo. Mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alipounda ELIZA, programu ya kompyuta ya kuzungumza na watu kwa maandishi, katika miaka ya 1960, alishangaa kuona watu wakiifungulia mioyo, ilhali ilikuwa ikiyageuza tu maneno yao kuwa maswali. Basi msidhani kwamba ni wazee pekee wanaovutwa hivyo. Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu akiuliza kama huyo mtoto wa sili amekula, msibishane naye wala msimdanganye: "Huyu hutumia betri, mama, tutamchaji jioni," linatosha.

Kuhusu faragha, mwulizeni muuzaji sauti na picha huhifadhiwa wapi na nani anaweza kuzifikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kuchakatwa, jambo linalowahusu wajukuu wanaocheza chumbani humo. Wageni waelezwe kwamba kuna maikrofoni, na wakati wa kuoga au kubadilisha nguo roboti iondolewe chumbani.

Mwisho, chunguzeni itakavyokuwa kampuni ikifungwa. Mwaka 2019 roboti ya kijamii ya nyumbani iitwayo Jibo ilipoteza uwezo wake mwingi seva zake, yaani kompyuta za mbali ilizozitegemea kupitia intaneti, zilipozimwa, na mwishoni mwa 2024 kampuni iliyounda Moxie, roboti ya watoto, ilitangaza kufunga shughuli zake, wazazi wakabaki na kazi ya kuwaeleza watoto wao. Kwa hiyo, kabla hamjalipa, mwombeni muuzaji akate intaneti, kisha mwone mashine inaweza kufanya nini.