Kuanzisha klabu ya wazee wenye uoni hafifu: usianze na ratiba

Wengi wakitaka kuanzisha hizi klabu wanaanza na shughuli, tutaimba, tutacheza, tutaleta mgeni aongee, alafu wiki ya nne wanakuja watu watatu na wanashangaa. Mimi nimeziendesha miaka kadhaa sasa, mzee mara nyingi anaacha kuja kwasababu alikaa masaa mawili bila kujua amekaa na nani.

Hatua ya 1. Piga simu. Tangazo la ukutani hawatalisoma. Na uliza mapema nani anamleta na nani anamrudisha, hiyo ya kurudi ndo inasahaulikaga.

Hatua ya 2. Andaa chumba. Redio zima, wengi masikio nayo yameanza kuchoka. Viti mduara mmoja, visizidi kumi hivi, na wiki ijayo viwe palepale. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, ule wa nusu nusu ndo unapasua watu vipaji vya uso. Dirisha liwe mgongoni mwao, maana mwenye mtoto wa jicho mwanga ukimpiga usoni haoni kitu.

Hatua ya 3. Mapokezi. Jitaje jina, "shikamoo mzee, ni mimi fulani", habari za "unanikumbuka?" achana nazo, ni mtihani. Usimkamate mkono ukamvuta kama mzigo, mpe kiwiko akishike yeye, wewe tangulia nusu hatua, kwenye ngazi atasikia mwili wako unashuka kabla yake. Mkifika kwenye kiti weka mkono wake kwenye mgongo wa kiti basi, kukaa anajua. Na ukiondoka sema unaondoka! Niliwahi kumwacha bibi mmoja anapiga stori na kiti kitupu, nilienda tu kufungua mlango, narudi namkuta amenyamaza anapapasa pembeni yake, ile aibu sijaisahau mpaka leo.

Hatua ya 4. Majina. Hapa usiharakishe. Kuanzia mlangoni kwenda kulia, kila mtu anasema jina na kitu kimoja cha wiki yake, mfuatano uleule kila siku. Yaani wanachora ramani kwa sauti, huyu mwenye kikohozi yuko kushoto kwangu, yule mcheshi yuko mbele. Anayechelewa anajitaja akiingia. Kutikisa kichwa sio jibu, na "kile pale" sio maelezo.

Hatua ya 5. Shughuli, sasa ndo zinakuja. Dhumna zenye vidoti vilivyoinuka, karata za namba kubwa, au maongezi tu. Nukta nundu usiwalazimishe, kuanza kuisoma kwa vidole uzeeni ni kazi ngumu. Vinywaji taja kwa namba za uso wa saa, "kikombe kiko kwenye tatu", yaani kulia kwake, na maziwa weka kwenye kikombe cheusi, kwenye cheupe anayeona kidogo hajui yamefika wapi, atamwagikiwa. Kumimina wamimine wenyewe lakini.

Hatua ya 6. Jiandae na siri. Siku moja mtu atasema kwa sauti ya chini kwamba anaona watoto wamesimama chumbani, au maua yametanda ukutani, na anajua hayapo. Inaitwa hali ya Charles Bonnet, Mswisi aliyeandika mwaka 1760 kuhusu babu yake aliyekuwa anaona vitu hivyo. Macho yakipunguza picha ubongo unajitengenezea zake, sio kichaa. Wazee wanaficha kwa kuogopa wataambiwa akili zimeruka. Kwetu alipoanza mmoja kulikuwa kimya, alafu mwingine akauliza, "wako wamevaa kofia?" wakaanza kulinganisha, dhumna hazikuguswa siku hiyo. Wewe usikimbilie kutuliza, waache waongee, ila baadae mwambie kila mmoja amweleze daktari, na kama anasikia na sauti, au anaamini wale watu wapo kweli, asisubiri kikao kijacho.