Paka akikwamwa na mwiba wa samaki, fanya hivi

Kwanza sikiliza. Paka akikohoa kwa sauti au akilia ujue hewa bado inapita, muache akohoe mwenyewe, we ita boda umpeleke kwa daktari wa mifugo. Wa kuogopa ni yule asiyetoa sauti, mdomo wazi, udenda unamtoka, anajikwangua mdomoni na miguu ya mbele na ufizi unageuka bluu, huyo ana dakika chache tu.

Mfunge na taulo au kitenge miguu yote ikae ndani, maana hata paka mpole kabisa atakung'ata, mwenzako amulike na tochi ya simu, we fungua mdomo uangalie mpaka juu kwenye kaakaa, mfupa wa ngege huweza kulala pale umebanwa kati ya meno ya huku na huku. Ukiuona vizuri utoe na kibano. Usipouona usiingize kidole kutafutatafuta, utausukuma ndani. Na kama ni uzi usiuvute kabisa, ncha ingine inaweza kuwa imeshafika tumboni, utamkata utumbo.

Hapumui bado? Muinamishe kichwa chini, mpige na kiganja katikati ya mabega mara 5, kwa nguvu ya kadiri, ni mdogo huyo. Ikigoma, mgongo wake uegemee kifua chako, vidole vyako chini kidogo ya mbavu, bonyeza ndani kuelekea juu harakaharaka mara 5, halafu angalia mdomo tena. Akizimia na hapumui mlaze ubavu, bonyeza kifua mara 30 kwa spidi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, funga mdomo wake upulize puani mara 2, rudia, usiache hata mkiwa njiani.

Halafu hii ya kumpa tonge la posho (ugali) eti lisukume mwiba kama tunavyofanya sisi wenyewe, jamani hapana! Wala maziwa wala mafuta, yataingia mapafuni.

Hata akizinduka na kuanza kutembea mpeleke siku hiyohiyo, koo linaweza kuwa limechanika au mapafu yakajaa maji baadaye. Kampala kuna kliniki ya wanyama wadogo pale Makerere kwenye chuo cha mifugo, ukiwa Arua au Kasese uliza ofisi ya mifugo ya wilaya, namba yao uisevu leo.