Kabla ya Kuondolewa Vinyama vya Utumbo Mpana
Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize pia kifaa atakachotumia: kwa kinyama (uvimbe mdogo unaoota ndani ya ukuta wa utumbo) kisichofikia milimita 10, kitanzi cha waya kisichotiwa umeme hukata vizuri na husababisha damu kutoka baadaye mara chache kuliko kile cha moto, ilhali koleo dogo hufaa vile visivyozidi milimita 3 tu. Dawa ya kusafisha tumbo, ingawa ladha yake ni karaha, imalize yote, kwa kuwa kinyesi huficha vinyama. Ukidungwa dawa ya usingizi, usiendeshe gari wala kupanda matatu peke yako siku hiyo. Katika wiki 2 zinazofuata, ukiona damu nyingi, homa au maumivu makali ya tumbo, rudi hospitalini mara moja, hata usiku.