Kuandaa skripti za CMake ili majaribio yakompailiwe kwa vichakataji tofauti

Waandishi wengi wa programu mjini Kampala hufanya kazi kwenye mpakato zenye vichakataji vya jamii ya x86-64, ilhali programu zao huishia kwenye simu zenye vichakataji vya jamii ya ARM, au kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ARM) iliyofungwa katika kituo cha kununulia kahawa huko Mbale. Majaribio yaliyofaulu kwenye mpakato hayathibitishi kwamba programu itafanya kazi sawasawa kule inakopelekwa. Mwongozo huu unaeleza, kwa lugha ya C na mfumo wa Ubuntu au Debian, namna ya kuandaa CMake, zana inayoongoza ujenzi wa programu, ili majaribio yaleyale yakompailiwe na kuendeshwa kwa kila usanifu (aina ya kichakataji) unaoukusudia.

Chukua programu ya SACCO inayojumlisha akiba za wanachama katika kigeu cha aina ya `long`. Kwenye Linux ya x86-64 aina hiyo huchukua baiti 8, lakini kwenye ARM ya biti 32 huchukua baiti 4, na namba kubwa kabisa inayoweza kubeba ni 2,147,483,647. Kwa shilingi za Uganda kiasi hicho si kikubwa: chama chenye akiba ya bilioni 3 kimeshakipita, na jumla itakayoonyeshwa inaweza kuwa hasi. Dawa yake ni `int64_t`, lakini kosa lenyewe halitaonekana mpaka jaribio likompailiwe kwa biti 32 na kupewa kiasi kinachovuka kikomo hicho. Kuna pia `char`, ambayo kwenye Linux ya x86 hubeba namba hasi na kwenye ARM haibebi. Ukihifadhi jibu la `getchar()` ndani ya `char` kisha ukalilinganisha na `EOF` (alama hasi ya mwisho wa data), mzunguko unaosimama vizuri kwenye mpakato hautasimama kamwe kwenye Raspberry Pi.

Anza kwa kusakinisha zana:

```
sudo apt install cmake gcc-arm-linux-gnueabihf gcc-aarch64-linux-gnu qemu-user
```

Wanaobana bando huongeza `--no-install-recommends`. Hapa usifanye hivyo, kwa sababu maktaba ya C ya usanifu lengwa huja kama kifurushi kinachopendekezwa tu, na bila hiyo kompaila haitaiona hata `stdio.h`.

Kisha tengeneza faili moja la zana (toolchain file) kwa kila usanifu. Hili ni `zana/arm.cmake`:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR arm)
set(CMAKE_C_COMPILER arm-linux-gnueabihf-gcc)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH /usr/arm-linux-gnueabihf)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_PROGRAM NEVER)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY ONLY)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_INCLUDE ONLY)
set(CMAKE_CROSSCOMPILING_EMULATOR
    "qemu-arm;-L;/usr/arm-linux-gnueabihf")
```

Mistari miwili yenye neno `ONLY` ndiyo inayoizuia CMake isiokote maktaba za mpakato wako, ambazo hatua ya kuunganisha ingezikataa kwa kuwa ni za x86. Mpangilio wa mwisho unaiambia CTest, chombo cha CMake cha kuendesha majaribio, iendeshe kila jaribio kupitia QEMU (kiigaji cha vichakataji vingine), na `-L` inaonyesha mahali zilipo maktaba za ARM. Kwa ARM ya biti 64, nakili faili hili, kisha uweke `aarch64` kama kichakataji, `aarch64-linux-gnu-gcc` kama kompaila, `qemu-aarch64` kama kiigaji, na `/usr/aarch64-linux-gnu` kama njia.

Ndani ya `CMakeLists.txt` majaribio huandikwa kama kawaida:

```
include(CTest)
if(BUILD_TESTING)
  add_executable(jaribio_akiba majaribio/akiba.c)
  target_link_libraries(jaribio_akiba PRIVATE akiba)
  add_test(NAME akiba COMMAND jaribio_akiba)
endif()
```

Baada ya `COMMAND` andika jina la shabaha (lile lililotajwa kwenye `add_executable`), si njia ya faili. CMake huweka kiigaji mbele ya jaribio pale tu inapoitambua shabaha iliyojengwa na mradi wenyewe, ukiandika `./jaribio_akiba`, mpakato utajaribu kuendesha faili la ARM moja kwa moja, na kwa kawaida utalikataa.

Sharti ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba skripti isikisie usanifu kutokana na mashine inayojengea, bali iambiwe. Amri ya `uname -m` na kigeu cha `CMAKE_HOST_SYSTEM_PROCESSOR` hutaja mpakato, si kifaa lengwa. Kwa hiyo tumia `CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR` kila unapohitaji kutofautisha. Ondoa pia `-march=native` popote ilipo, maana hulenga kichakataji cha mashine uliyoikalia.

Kila usanifu upewe folda yake ya kujengea:

```
cmake -S . -B jenga-arm -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=zana/arm.cmake
cmake --build jenga-arm
file jenga-arm/jaribio_akiba
ctest --test-dir jenga-arm --output-on-failure
```

Usiiruke amri ya `file`. Ikiwa jibu lake linataja x86-64, basi faili la zana halikusomwa, na majaribio yote yatakayofaulu baada ya hapo ni ya mpakato wako tu. Sababu ya kawaida ni folda ya zamani, kwani CMake huihifadhi kompaila ya mara ya kwanza; ifute folda hiyo uanze upya.

Mradi wa C++ unaopakua GoogleTest (maktaba ya kuandikia majaribio) kwa `FetchContent` ya CMake utaipakua upya kwa kila folda. Sakinisha kifurushi cha `googletest`, kisha uongeze `-DFETCHCONTENT_SOURCE_DIR_GOOGLETEST=/usr/src/googletest`, nayo itakompailiwa kwa kila usanifu bila kugusa mtandao.

QEMU haitoshi kwa kila jambo. Mpangilio wa kusoma na kuandika kumbukumbu kwenye ARM ni legevu kuliko wa x86, na kiigaji kinachoendeshwa juu ya x86 huweza kuficha makosa ya nyuzi (threads) zinazogombea kigeu kimoja. Majaribio ya namna hiyo yaendeshwe kwenye kifaa chenyewe. Badala ya QEMU, weka katika `CMAKE_CROSSCOMPILING_EMULATOR` njia kamili ya skripti hii, ambamo `pi` ni jina la kifaa katika mipangilio yako ya SSH (njia ya kuendesha amri kwenye mashine nyingine kupitia mtandao):

```
#!/bin/sh
scp -q "$1" pi:/tmp/ && ssh pi "/tmp/$(basename "$1")"
```

SSH hurudisha msimbo wa kutoka wa programu iliyoendeshwa, kwa hiyo CTest itajua kama jaribio limefaulu au limeshindwa. Kifaa kiwe Raspberry Pi 2 au toleo la baadaye, kwa kuwa kompaila hii ya Debian hulenga ARMv7, na Raspberry Pi ya kwanza pamoja na Pi Zero ya awali ni ARMv6.