Ufundi wa Hewa: Cha Kusomea Ughaibuni na Kitakachofaa Mwanza

Kama unasomea mifumo ya hewa inayorudisha joto, yaani mashine inayochukua joto la hewa chafu inayotoka na kuipa hewa safi inayoingia, huku ukipanga kurudi Mwanza, jua mapema kwamba mashine yenyewe utaifunga kwa nadra. Nyumba ya mitaa ya huko kama Capri Point au Nyakato haina joto la kuokoa. Madirisha yako wazi mwaka mzima. Kitakachokulipa ni kujua kukokotoa hewa, kuipima na kuisawazisha. Chagua kozi kwa kigezo hicho.

Uingereza, mafundi wengi hupitia kozi fupi ya uingizaji hewa majumbani ya BPEC, shirika la kutoa vyeti vya ufundi. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna mtambo wa kufunga kwa mikono yako na kama utashika mwenyewe anemomita, kifaa cha kupima kasi ya hewa. Slaidi tupu hazimfanyi mtu fundi. Kuunganisha umeme ni cheti kingine kabisa.

Hesabu ya hewa si ngumu. Mwongozo wa serikali, Approved Document F, toleo la 2021, unataka nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ipate angalau lita 31 za hewa kwa sekunde, au lita 0.3 kwa kila mita ya mraba, ipi iliyo kubwa. Nyumba ya mita 90 za mraba inatoa 27, basi unashika 31. Upande wa kutoa hewa, viwango vya chini kwa kasi ya juu ni jiko 13, bafu 8, choo 6: jumla 27. Zimepungua 4, kwa hiyo jiko lipe 16 na choo 7. Bomba la milimita 75 lisibebeshwe zaidi ya lita 8 hivi, maana likizidiwa huvuma usiku kucha. Jikoni basi yaende mawili. Hewa safi nayo iwe 31, igawiwe sebule na vyumba vya kulala. Acha upenyo wa milimita 10 chini ya milango, la sivyo hewa ya chumbani haitafika bafuni.

Kazi nyingi huharibikia darini. Bomba laini lililoachwa likilegea hukaba hewa. Bomba la kuvuta hewa ya nje na la kutupa hewa chafu yasipovikwa kizuia joto, unyevu hugeuka maji na dari huota madoa. Bomba la maji ya mashine lisipokuwa na mteremko na trapu (kona inayobaki na maji ili kuzuia hewa), maji hurudi ndani. Na wapiga plasta wakiwa bado kazini, ziba midomo yote ya mabomba. Vumbi likishaingia, kulitoa ni balaa. Kusawazisha kuje mwisho, vali (mdomo wa hewa wa chumbani) moja moja, kwa anemomita yenye mwavuli wa kuifunika vali, huku ukiandika kila kipimo.

Mwanza, kipimo hichohicho kinatakiwa kwenye viwanda vya minofu ya sangara, ambako hewa lazima itoke upande safi kwenda upande mchafu, na kwenye vyumba vya upasuaji. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 12, na feni hupoteza shinikizo kwa kiasi hichohicho. Usiamini jedwali la kiwandani bila kulirekebisha. Kisha kuna wadudu wa ziwani, wanaokuja kama wingu na kuziba chujio kwa usiku mmoja. Weka wavu unaochomoka kwa mkono mbele ya chujio, na ununue mashine ambayo chujio chake kinaweza kukatwa kutoka kwenye kitambaa cha chujio kilichoviringishwa.