Mshubiri Haukamuliwi: Acha Utomvu Utiririke Wenyewe

Kila kiangazi mimi huletewa na wakulima ulimbo wa mshubiri, yaani utomvu wake unaopikwa hadi ugande, uliochemshwa kutwa nzima, ukateketeza mzigo wa kuni, na bado ukabaki laini na wa kunata kama lami iliyopigwa na jua. Mnunuzi huubonyeza kwa kidole, akautazama, kisha akaurudisha. Nikiuliza jani lilivunwaje, jibu huwa lile lile: lilikatwa, likashikwa kwa mikono miwili, likakamuliwa mpaka tone la mwisho.

Katika Kiswahili mmea ni mshubiri, na shubiri ni utomvu wake mchungu, ule ambao akina mama hupaka titi wanapomwachisha mtoto kunyonya, na ambao tangu zamani umetumika kama haluli kwa mtu aliyefunga choo. Utomvu huo ni wa rangi ya manjano, hukaa chini tu ya ganda la jani, na ndio wenye aloini, kemikali inayoendesha tumbo. Ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Anayekamua jani huuchanganya ute huo na utomvu, kisha hununua kuni za kuchemshia maji aliyoyaongeza kwa mikono yake mwenyewe, na kinachosalia cha ute hushika chini ya sufuria na kuuzuia ulimbo usigande. Jina shubiri lina mzizi mmoja wa Kiarabu na neno subira, jambo ambalo wakulima wangu wangelikumbuka kabla ya kukunja ngumi.

Tayarisha kwanza mfereji wa bati safi uliokunjwa kama herufi V, ulioinamishwa kuelekea kwenye chombo, kisha ndipo ushike kisu. Vuna asubuhi, majani yakiwa makavu, wala usivune siku mbili za mwanzo baada ya mvua. Kata majani ya chini yaliyokomaa, karibu kabisa na shina, kwa mkato mmoja wa kisu kikali, na uache juu ya kila mmea majani yasiyopungua kumi. Mara tu jani linapoachana na shina, lisimamishe mferejini sehemu iliyokatwa ikitazama chini, kwa sababu utomvu mwingi hutoka katika dakika za mwanzo kabisa, na jani linalolazwa chini huku ukitafuta jingine huwa limekwisha kuumwaga udongoni. Liache hapo kwa nusu saa. Nasema nusu saa iliyopimwa kwa saa, si kwa kukisia, na katika muda huo lisibanwe, lisipindwe, lisikunwe kwa kisu wala kusuuzwa kwa maji.

Utomvu uchemshwe siku hiyo hiyo kwa moto wa wastani, ukikorogwa bila kuachwa, katika sufuria isiyorudi tena jikoni. Tone likidondoshwa kwenye sahani baridi na kuvunjika kama kioo, umefaulu.

Wapo wanaojitetea kwamba wanakamua kwa sababu mishubiri yao ni michache, kisha jioni wanakwenda porini kujaliza dumu. Kwa Kenya, uvunaji wa mishubiri ya mwituni ulipigwa marufuku kwa tamko la Rais mwaka 1986, na mishubiri karibu yote, isipokuwa ile iitwayo Aloe vera, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo ulimbo wake hauvuki mpaka bila kibali. Mnunuzi makini atauliza shamba liko wapi, na atataka kuliona.

Ulimbo ulio tayari usipimiwe jirani kwa kijiko cha chai eti anaumwa tumbo, na mama mjamzito asipewe hata kidogo, kwani dawa hii huyafanya matumbo yajiminye kwa nguvu.

Aliyekwisha kukamua asidhani ataficha kosa kwa kumimina maji aliyoyakamua ndani ya utomvu safi wa mwenzake, kwa maana dumu moja huharibu chungu kizima. Ayamwage, wala asinipigie simu usiku kuuliza kama yataokoka akiongeza moto.